Jioni Atarudi

Jonah alitumwa ugoro tu, wa kumnusisha mtoto wake mchanga apige chafya, dukani kwa Irungu pale Chepseon, giza likianza kuingia. Mtoto hakuwa amepata jina. Kogo, nyanya wa nyumba, alikuwa ameita majina ya wazee wote wa ukoo waliotangulia, akiingoja hiyo chafya, maana ndiyo ingeonyesha ni nani amerudi.

Chafya haikuja. Na mtoto alikuwa amekataa titi tangu asubuhi, akizidi kupoa mikononi mwa mama yake, Drusilla.

Drusilla akavuta shajara yake chini ya mto wa kulalia. Jonah naye alikuwa na yake, ya kuandika mvua ya shamba la majani chai. Hii ilikuwa ya Chemutai, binti yao wa kwanza: jino la kwanza, neno la kwanza, homa zake. Ilikomea mwaka uliopita, wa hamsini na moja, Chemutai akiwa na miaka sita. *Chemutai amekwenda mtoni. Jioni atarudi.*

Walimtoa majini kesho yake. Hilo Drusilla hakuliandika. Moyo ulikataa.

"Chemutai," akanong'ona.

Kogo akageuka. "Huyo usimwite. Alikuwa mtoto, hajafika kwa wazee."

Chafya.

Ndogo... yenye maji ndani yake.

Mtoto akashika titi kwa pupa. Drusilla akalia kwa furaha, kisha akasikia harufu ya tope la mto. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini kutoka mlangoni hadi kitandani palikuwa na nyayo mbichi za mtoto wa miaka sita.

Za kurudi hazikuwepo.

"Maliza hiyo habari," Kogo akasema polepole. "Andika alikufa. Mwache apumzike."

Drusilla akachovya kalamu. *Chemutai ali...*

Mtoto akapaliwa. Maji ya kahawia yakamtoka mdomoni. Drusilla akalifuta neno kwa kidole, wino ukatapakaa, na mtoto akavuta pumzi.

Jonah aliporudi na ugoro, alimkuta mkewe akipanguza sakafu. Jioni nyingi baada ya hapo alimkuta hivyo hivyo. Drusilla alitamani kumlilia marehemu wake, hata siku moja, lakini hakuthubutu.

Mwaka wa hamsini na nane, msichana akiwa na miaka sita, alichukua kibuyu mlangoni bila kutumwa.

"Nakwenda mtoni, mama," akasema. "Jioni nitarudi."