Glasi ya Cyprien

Povu lilibaki juu, bia ikapungua chini yake. Yolande ndiye aliyeona kwanza, Jumapili moja ya mvua, wenzake wa mezani wakiwa bado wanabishana kama sambaza, dagaa wa ziwa lao, zimetiwa chumvi ya kutosha. Glasi ya mume wake Cyprien ilikuwa mbele ya kiti kitupu, imejazwa kama desturi, wala hakuna aliyeigusa. Alipoiangalia tena bia ilikuwa imeshuka hadi nusu, na povu lake jeupe lilikuwa bado kwenye ukingo, limesimama peke yake juu ya hewa.

Alichukua sambaza nyingine, akala.

Klabu walikokuwa wakila iliitwa Cercle la Véranda. Ilikuwa nyumba ya zamani ya Wabelgiji huko Muhumba, mtaa wa Bukavu, yenye ngazi za mawe zinazoshuka mpaka ziwani, na wanachama wake walikuwa watu wa ofisi na walimu wa chuo kikuu pamoja na wake zao, watu wa kufunga tai hata siku ambayo risasi zinalia mtaa wa Bagira. Ukikubaliwa kuingia ulipewa glasi yenye herufi za jina lako zilizochorwa kwa dhahabu. Ukiwa safarini, wenzako walikumiminia kila Jumapili, wakakutaja jina, na glasi yako ilikungoja mpaka wamalize kula. Ukifa, mjane wako aliivunja kwenye jiwe la ngazi, vipande vikatupwa ziwani, na habari yako ikaishia hapo. Kwa mtu asiyejulikana kama yuko safarini au amekufa, hakukuwa na desturi yoyote. Watu wenye shahada nyingi namna ile, na jambo hilo hawakuwahi kulifikiria!

Cyprien alikuwa msimamizi wa dawa katika ofisi moja ya kanisa. Oktoba ya mwaka 1996, siku vita vilipoingia Bukavu, alikuwa ameshaondoka alfajiri na gari la dawa kuelekea Shabunda, na barabara ikafungwa nyuma yake. Watu walirudi kutoka msituni kidogo kidogo, wamekonda, kila mmoja na habari za mwingine. Habari ya Cyprien haikuja. Yolande aliendelea kwenda klabu na binti yake Aurore kwa sababu hapo ndipo mahali pekee mjini ambapo mume wake alitajwa kama mtu aliye hai. Alimpenda, na hakuwa tayari kuwa mjane.

Kwa hiyo bia ilipopungua, alifurahi. Nani asingefurahi?

Jumapili zilizofuata glasi ilikauka mpaka chini, na wengine nao wakaona. Harufu ikaingia verandani, ya majani yaliyooza na tope la mahali jua lisipofika, ingawa nje ziwa lilikuwa linang'aa mchana kweupe. Kisha sauti: koo kavu linalomeza, taratibu, upande wa kiti kitupu. Watu walianza kuhamisha viti vyao. Mazungumzo yalikatika katikati ya sentensi, uma zikawa zinagonga sahani bila kuchukua chakula. Mwenyekiti wa klabu, Papa Anaclet, profesa mstaafu wa Kilatini, alimvuta Yolande pembeni.

"Yolande, ile kintu haiko bwana yako," alinong'ona. "Cyprien alikuwa anapuliza povu mbele ya kukunywa, hii inaacha povu. Siye wote tunamujua."

"Iko na kiu, papa. Mumuache akunywe."

"Na kama iko jini ya mu ziwa? Inakaa mu kiti ya mutu, inakunywa bia yake, kisha itaomba nini?"

Yolande alirudi mezani, ingawa hata yeye swali hilo lilikuwa limeanza kumsumbua.

Jibu lilikuja Jumapili iliyofuata. Walipomaliza kula, Aurore hakuwepo. Yolande alimkuta chini ya ngazi, ndani ya ziwa, maji yamefika kifuani, ameinua birika ya mezani juu ya kichwa na anazidi kusonga mbele. Alimvuta kwa nywele.

"Papa ananiita," mtoto alisema, akimaanisha baba yake, huku meno yakigongana. "Anasema nimuletee mayi."

"Anaita toka wapi?"

Aurore alionyesha ziwa, kisha mlima ng'ambo, kisha akashusha mkono. Hakujua.

Tangu siku hiyo Yolande hakupata raha. Alifunga mlango na kurudi kuuangalia, alikaa akasimama, aliacha sufuria motoni akaenda kumhesabia mtoto pumzi. Na jioni moja umeme ulipokatika, akiwa anapapasa kutafuta kibiriti, alisikia kwa masikio yake mwenyewe, kutoka kwenye pipa la maji la jikoni au nyuma yake au pengine kutoka ukutani, sauti nyembamba iliyokwaruza kama mlango usiotiwa mafuta, ikisema Aurore, Aurore, letea papa mayi, na ilikuwa sauti ya Cyprien na haikuwa, na kabla hajawasha kibiriti alisikia miguu midogo ikipita uani, komeo likifunguliwa, na mwanawe akiteremka njia ya ziwani gizani na birika mkononi.

Alimkamata barabarani. Usiku ule walilala wamefungwa kiuno kwa kiuno na kitenge.

Papa Anaclet, aliyekuwa ametoa hotuba nyingi za kulaani mambo ya kishenzi, ndiye aliyekwenda mwenyewe Mudaka kumleta mufumu, akampitisha mlango wa nyuma wa klabu siku ya Jumapili, majirani wasione. Mganga huyo alikuwa mama wa makamo, jina lake Cibalonza. Alinusa kiti, akapitisha kidole ndani ya glasi, akafunga macho kwa muda mrefu.

"Huyu haiko mu kaburi, haiko mu nyumba," alisema. "Kila siku ya yenga, Jumapili yenu hii, munamuita, njo anakuja. Akizidi kukuja, ataondoka na mutoto."

"Iko jini, ao iko bwana yangu?" Yolande aliuliza.

"Jina yake sijue, maman. Ninajua tu vile inafukuzwa. Uvunje glasi."

"Na kama Cyprien iko muzima?"

Cibalonza alimtazama kwa huruma. "Muko babili mikononi yako, bwana na mutoto. Huwezi kuchunga bote."

Yolande alimtazama Aurore, akaichukua glasi. Alishuka ngazi, wanachama wote wakisimama juu na tai zao, wakimtazama. Alisema, "Cyprien, unisamehe," akaipiga kwenye jiwe. Kule verandani, kwenye kiti kitupu, mtu alikohoa kama aliyepaliwa. Mara moja tu. Vipande vikatupwa majini, na harufu ya tope ikaondoka hapo hapo. Papa Anaclet alijifuta jasho, na watu wakaanza kusogeza viti vyao karibu na meza.

Matanga yalifanyika. Aurore alilala vizuri, akanenepa. Yolande alivaa nyeusi, akajaribu kuizoea.

Kiangazi kilipofika, na Kinshasa imeshapata serikali mpya, mtu aliyevimba miguu alipiga hodi nyumbani kwake. Alikuwa Mushagalusa, dereva wa lile gari la dawa. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini.

"Nilimuzika mimi mwenyewe, maman. Alikaa muzima miezi mingi mu pori. Hakuweza kutembea, tulikuwa tunamubeba. Hatukuwa na chakula, na mayi ya kule inaua. Lakini kila siku ya yenga, midi, saa sita, alikuwa anafunga macho, koo inapanda, inashuka. Kisha anaamuka na nguvu, mudomo inanuka bia, Primus. Tulikuwa tunacheka. Anasema, balafiki yangu ya Véranda bananimiminia."

Yolande alishika ukingo wa meza.

"Homa ikimupanda, alikuwa anaita mutoto amuletee mayi. Kisha siku moja ya yenga alifunga macho vile vile, akakohoa. Damu ikatoka mingi. Hakufikisha mangaribi." Mushagalusa alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua polepole. "Alitema hii. Kule hatukuwa na glasi, maman, hata moja. Sijue ilitoka wapi."

Kilikuwa kipande cha glasi, na juu yake herufi C ya dhahabu.

Aurore alikuwa amesimama mlangoni. "Maman," alisema, "alikuwa anaomba mayi tu."

Yolande aliinuka, akaenda jikoni, akachota maji kwa kikombe. Aliyaweka mezani mbele ya kiti kitupu, akataja jina la mume wake kama walivyokuwa wakilitaja klabuni, akakaa kuyatazama. Mushagalusa aliaga, jua likazama, na yeye bado alikuwa pale. Maji hayakupungua.