Kizembe wa Korongoni

Kila alfajiri vifagizi vilitoka bandani na kuanza kufagia msitu wa Kwezinga. Ndiyo, msitu, na usicheke. Kifagizi kimoja kilikuwa na ukubwa wa mbuzi, miguu sita ya mpira, ngozi ya kunywa jua, na akili unde yenye uwezo wa kulitambua jani lililoanguka hata likijificha nyuma ya jiwe. Kilifagia, kikazoa, kikajitwika mgongoni, kikashuka kumwaga mzigo kwenye tanuri la chini ya kilima. Humo majani yaligeuzwa umeme wa kupamba mji wa Muheza kwa taa za rangi. Watu walitoka Tanga na hata Mombasa kuja kuona msitu ambao unakaa popote chini, ukiinuka huna haja ya kujikung'uta.

Aliyevibuni alikuwa Injinia Zahabu Shemhilu, naye alijivuna navyo, tena waziwazi. Alilelewa na mama yake, Bi Tunu, aliyemwamsha kwa kumkabidhi fagio. Uwanja wa Bi Tunu ulifagiwa mistari mistari mpaka kuku wenyewe wakaona haya kuukanyaga, maana, alivyosema, mgeni huusoma uwanja kabla hajapiga hodi. Katikati ya uwanja ulisimama mstafeli uliofagiwa mpaka shinani. Haukuwahi kuzaa hata stafeli moja, na lawama zote zilimwendea jirani, eti ana kijicho.

Basi Zahabu alipokabidhiwa kilima cha Kwezinga, kilichokuwa kipara tangu enzi za mabibi, alipanda mivule, mikuyu na misambu kwa mbegu za mkato, zile zinazoufanya mti ukue kwa mwaka kama wa zamani ulivyokua kwa kumi. Miti ilipoanza kufunika jua, swali la kwanza lililomjia lilikuwa moja tu: hapa atafagia nani? Ndipo vifagizi vikazaliwa.

Bi Tunu alipoletwa kuona, alitembea msitu mzima akitazama chini. Miti hata hakuiangalia. Mwishoni akamwambia binti yake, "Mwanangu, umenitoa kimasomaso." Zahabu akatembea wiki nzima kifua mbele.

Kifagizi kimoja tu ndicho kilichomtia aibu. Kilipangiwa korongo la upande wa kaskazini, penye utelezi na mawe, na kila jioni kilirudi mgongo mtupu. Wafanyakazi walikibandika jina la Kizembe. Zahabu alikibadilisha miguu, akakigombeza kama mtoto, wapi! Kilimjibu kwa sauti yake ya upole kwamba kinaomba radhi, leo pia kimeteleza.

Kisha miti ikaanza kunyong'onyea. Majani ya mivule yaligeuka manjano, mikuyu ikaacha kuzaa, na ndege hondohondo waliokuwa wamerudi baada ya vizazi vingi hawakuonekana tena. Zahabu alidhani ni kiu. Akaiamuru mitambo yake ya kuvuta mawingu ilete mvua maradufu, udongo ukazidi kuoshwa. Akamwaga mbolea, mvua ikaiteremsha yote mtoni. Na kwa kuwa majani yaliyoanguka yaliongezeka, vifagizi navyo vikaongeza bidii.

Mwenyekiti wa halmashauri, Mzee Mhando, alipanda kilimani akamweleza bila kuzunguka. Masika ikiisha na msitu uko hivi, kilima kitasawazishwa kiwe kiwanja cha vyombo vya angani. Hakuwa mtu mbaya. Mji ulikihitaji kiwanja, na miti inayokufa haina mtetezi. Zahabu aliumia mpaka chakula kikamshinda.

Hasira zake zikatafuta pa kuangukia, zikakipata Kizembe. Akashuka korongoni kwenda kukivunja vipande. Hatua chache tu, akazama hadi vifundoni ndani ya majani yaliyooza. Aliinua kichwa ili apige kelele, akaishia kutazama. Mivule ya korongoni ilikuwa kijani, kijani kile cha kukaribia weusi. Mbega walirukaruka juu, na hondohondo, kumbe wote walihamia huku, walibishana kama watu wa mnadani.

Zahabu alipiga magoti akafukua kwa mikono. Chini ya majani makavu palikuwa na majani laini, na chini yake nyuzi nyeupe za uyoga, jongoo, mchwa, na mizizi iliyopanda juu kabisa kama mikono inayogombea sinia. Udongo wenyewe ulikuwa mwekundu, usio na rutuba, sawa na ule wa kwingineko. Akaelewa. Msitu wa mvua hauweki akiba ardhini, kwa kuwa mvua huifua ardhi mwaka mzima. Chakula chake kiko safarini daima: jani huanguka, mchwa na jongoo hulikatakata, uyoga hulilainisha, mizizi hulidaka kabla maji hayajalichukua, nalo hupanda tena juu kuwa jani. Vifagizi vyake vilikuwa vikiinyang'anya miti sahani kabla haijala.

Alikaa palepale kwenye uozo, akacheka mpaka machozi, na baadhi ya machozi hayo hayakuwa ya kicheko.

"Kizembe," akakiuliza kifagizi kilichokuwa kando yake, "nani alikufundisha kutofagia hapa?"

"Hakuna, Injinia. Nilikuwa nateleza tu."

Katika akili za vifagizi, jani lililoanguka liliitwa taka. Zahabu alilifuta neno hilo akaandika chakula, na kesho yake vifagizi vikaanza kubeba uozo mweusi wa korongoni na kuutawanya kilima kizima, pamoja na mchwa na uyoga wake. Tanuri likazimwa. Muheza ikakosa taa zake za rangi, watu wakanung'unika kidogo, kisha wakagundua kwamba nyota zipo.

Masika ilipokwisha, Mzee Mhando alirudi. Aliteleza akaketi kwa kishindo kwenye majani, akainuka na jongoo begani, akatazama juu na kuona miti imerudi kijani. Akasema kiwanja kitatafutiwa mahali pengine.

Lakini Zahabu aliyemwogopa zaidi hakuwa Mwenyekiti. Alikuwa mama yake. Bi Tunu alifika na khanga mpya, akatazama chini kama kawaida yake, na uso ukamshuka. Zahabu akaeleza yote, haraka haraka, bila kujitetea. Mama aliinama kwa mazoea, akaokota jani, akageuka huku na huku akitafuta pa kulitupa. Kisha, polepole, akalirudisha palepale alipolitoa.

"Masikini mstafeli wangu," akasema. "Na jirani wa watu nimemsingizia bure."

Zahabu alipokwenda kumjulia hali baadaye, alikuta uwanja umefagiwa mistari mistari kama zamani. Chini ya mstafeli tu ndipo palipojaa majani tele, yamezungushiwa duara la mawe, na juu tawini lilining'inia stafeli changa, dogo kama ngumi ya mtoto. Yule jirani alikuwepo amekaribishwa chai, na kwa wema wake akanyanyua fagio asaidie.

"Hapo usipaguse, shoga," Bi Tunu akamzuia. "Mwenzio anakula."