Mashine ya Chumba cha Ndani

Kila alasiri akitoka shule, Dorine alipitia dukani kwa mama yake, Majengo. Duka lilikuwa na vyumba viwili na kompyuta mbili, jambo la kujivunia pale Songea mwaka ule wa 2003. Dada Oliva, mfanyakazi wao, alichapa barua za wateja chumba cha mbele. Mama alichapa chumba cha ndani, kwenye mashine iliyounganishwa na printa. Dorine alifuta vumbi, na kila mama alipotoka, Dorine aliizima mashine ya mama na kuifunika kwa kitambaa cha maua. Umeme si wa kuchezea, mama alikuwa amemfundisha.

Wiki iliyopita fundi Optatus wa Ruhuwiko alikuwa amepitisha waya ukutani kuunganisha kompyuta hizo mbili, ili Oliva naye atumie ile printa bila kuhangaika kuhamisha barua kwa disketi. Siku ya kwanza ilikuwa furaha tupu. Kisha visa vikaanza.

"Printa imegoma tena!" Oliva alilalamika kila alasiri. Ajabu ni kwamba mama akirudi na kuwasha mashine yake, barua za Oliva zilianza kutoka zenyewe, wala hakuna aliyegusa kitu.

Fundi aliitwa, akakuta mashine zote zinawaka na mtandao huo hauna hitilafu. Alipoondoka, kesho yake ukagoma.

"Huyu anatuchezea," mama alifoka. "Ameacha kitu humo ili tumwite kila siku!"

Dorine naye hakumwamini. Aliwahi kumwona fundi akiongea peke yake huku ameinamia waya. Mtu mwema huongea na waya? Mama akazunguka maduka ya jirani, akiwaonya wenyewe wajihadhari na Optatus.

Ijumaa, mama alipotoka, Dorine aliizima mashine kama kawaida. Papo hapo Oliva akapiga kelele chumba cha mbele: "Jamani, imegoma!"

Dorine alisimama na kitambaa mkononi. Akaiwasha tena, akangoja. Printa ikanguruma, ikatoa barua ya Oliva. Akaizima, Oliva akalalamika upya. Kumbe barua za Oliva hupitia mashine ya mama, na ikizimwa zinakwama: mchawi wao ni yeye! Aibu ikamjaa. Akinyamaza tu na kuacha kuizima, nani atajua?

Mara mama akaingia na Mzee Rupert, mwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, babu," Dorine alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama Dorine, nataka kumpa Optatus kazi ya kuunganisha kompyuta zangu, lakini nasikia maneno. Niambie kweli, ni mtu wa kuaminika?"

Mama akavuta pumzi. "Mzee, yule kijana ni..."

"Mama, ni mimi!" Dorine alipaza sauti, machozi yakimtoka. Akaeleza yote.

Mama hakusadiki. Akaizima mashine kwa mkono wake, akamwambia Oliva achape. Hakuna kilichotoka. Akaiwasha. Baada ya muda karatasi ikatoka.

Mama akaketi. "Mimi ndiye niliyekufundisha kuizima," alisema taratibu. "Lakini fundi hakuniambia kwamba haitakiwi kuzimwa."

"Ulimwuliza?" Mzee Rupert alisema.

Mama alijifunga kanga yake vizuri. "Mzee, mpe kijana kazi. Dorine, twende. Nilizunguka nikimchafua mtu, sasa tuzunguke kumsafisha."

Duka la kwanza lilikuwa la Fulgence, muuza vipuri vya baiskeli. Aliwacheka waziwazi. "Juzi tapeli, leo malaika?"

"Juzi nilisema nisichokijua," mama alijibu, ameinamisha macho.

Walipotoka, mama alimshika Dorine bega. "Ukimshuku mtu, mwanangu, angalia kwanza mikono yako mwenyewe imefanya nini. Na kosa likiwa lako, liseme mapema kama ulivyofanya leo. Mimi nimechelewa, ndiyo maana njia yangu ni ndefu."

Wakaingia duka la pili.