Kazi Isiyopokelewa

Swichi ya ukumbini ilikuwepo jana. Nesi alikuwa na hakika, kwa sababu jana alasiri aliibonyeza kwa kidole chake mwenyewe, na leo asubuhi kidole hichohicho kilipapasa ukuta mtupu. Ingekuwa imeng'olewa kungekuwa na tundu, kungekuwa na waya unaochungulia. Palikuwa na lipu ya chokaa tu, laini, baridi, bado haijakauka.

"Haya, ameshaanza vituko," alisema, na aliyemkusudia ni fundi. Ndivyo tulivyo. Nyumba ikiingia fundi, hata kijiko kikipotea ni yeye.

Nyumba yenyewe aliachiwa na bibi yake mzaa mama: ghorofa moja, kuta nene za mawe, milango ya mbao ambayo mtu haifungui bila kuhema. Marehemu bibi alikuwa ameichezea mpaka basi. Alipaka saruji juu ya chokaa, akaficha boriti kwa dari ya mbao nyepesi, na huko juu, mwisho wa korido, akatoboa ukuta na kujipatia chumba ambacho mjenzi hakukiwekea mlango. Mume wa nesi, dereva wa malori ya safari ndefu, alipoiona alisema wabomoe wajenge upya. Wanaume bwana! Nesi akamnunia siku tatu. Yeye alitaka nyumba ile irudi kwenye hali yake, jiwe kwa jiwe. Mume akanyoosha mikono, akasafiri, akamwachia kazi pamoja na binti yao wa miaka sita, ambaye kwa mdomo wake ule walimwita Chiriku.

Alizunguka sana kutafuta mtu anayejua chokaa. Akampata mzee mmoja aliyeitwa Fundi Timazi, kwa kuwa hakuamini ukuta wowote mpaka auteremshie ile kamba yake yenye uzito wa chuma mwishoni. Siku ya kumkabidhi kazi, nesi alisimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni, akapaza sauti kama anayezihutubia kuta.

"Sitaki mambo mapya humu. Nataka irudi vilevile alivyoiacha aliyeijenga. Na angekuwepo mwenyewe, kazi ningempa yeye!"

Fundi aligeuka haraka. "Bibie, kazi hupewa mtu anayeonekana."

Nesi akacheka. Jamani, akacheka!

Baada ya swichi likafuata sinki la jikoni. Kesho yake mabomba ya bafuni. Vyote vilimezwa na ukuta mchana kweupe, fundi akiwa ameenda kula, na kila palipomezwa kitu palibaki lipu safi ambayo hata nesi, asiyejua kushika mwiko, aliona ni ya mkono wa bingwa. Akaanza kumvizia mzee wa watu. Alijibanza nyuma ya mlango. Alimkagua viatu. Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba fundi naye alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni, kana kwamba mwenye makosa ni yeye.

Siku ya nne uvumilivu ukamwisha.

"Mzee wangu, nakuheshimu, lakini unanichezea. Nani kakwambia uzibe sinki langu?"

Fundi aliweka chini ndoo yake. Alimshika mkono, akampeleka uani kwenye pipa, akafunua. Ndani mlikuwa na chokaa iliyolala chini ya maji.

"Hii inataka wiki tatu kulowa. Hii ndiyo wiki ya pili. Sijapiga mwiko hata mmoja humu ndani, mwanangu. Nabandua saruji ya bibi yako tu." Akafunika pipa. "Mimi nilidhani umeleta fundi mwingine kwa siri. Nimekasirika kimyakimya siku nne, maana anafanya kazi kunishinda."

Wakatazamana. Na hapo, juu ghorofani, wakasikia mwiko ukikwangua jiwe: kwaruu, kimya, kwaruu, taratibu, kwa raha, mkwaruzo wa mtu asiye na haraka ya kurudi kwake.

"Chiriku yuko wapi?" aliuliza fundi kwa kunong'ona.

Chiriku alikuwa juu. Alikuwa kwenye kile chumba cha mwisho wa korido, akichora.

Nesi hakumbuki alivyopanda ngazi, anakumbuka tu kwamba harufu ya chokaa mbichi ilimpokea katikati ya njia, nzito, ikimwasha puani na machoni, na kwamba korido ilionekana fupi kuliko asubuhi, na alipofika mwisho wake akinyoosha mkono kushika kitasa hapakuwa na kitasa, hapakuwa na mlango wala fremu, palikuwa na ukuta mweupe unaong'aa kwa unyevu, na nyuma ya ukuta huo, mbali kama mtu aliye chini ya kisima, sauti ya mwanawe ikiita mama, mama, mbona umezima taa.

Fundi alipiga nyundo. Lipu ilibonyea, ikajaa tena. Akapiga mara ya pili, ya tatu, na kila tundu lilijifunga mbele ya macho yao. Kisha, kwa mazoea tu, maskini, akateremsha timazi yake. Ukuta haukupinda hata unene wa unywele.

"Huyu ndiye aliyeijenga," alinong'ona. "Ulimwita, ukampa kazi. Anairudisha alivyoiacha. Na alivyoiacha, mwanangu, haikuwa na mlango hapa, wala haikuwa na mtoto."

"Nifanye nini? Baba yangu, nifanye nini?"

"Kwetu sisi mafundi, kazi haiishi mpaka mwenye nyumba aikague. Akisema ameipokea, au hata akiisifu tu, basi, imesimama hivyo, hakuna wa kuigusa. Akiikataa, fundi anabomoa kwa mkono wake na kurudia. Lakini sikia vizuri. Fundi ambaye kazi yake haijapokelewa haondoki."

Nesi hakungoja amalize. "Siipokei!" alipiga kelele. "Unasikia? Siipokei, bomoa!"

Mkwaruzo ulinyamaza. Kitu kilivuta pumzi ndani ya mawe, pumzi ndefu ya kuudhika, na ukuta ukaporomoka wote kwa mkupuo. Chiriku akatokea kwenye vumbi, kope nyeupe, penseli mkononi. Mama yake alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika anaumia.

"Mama, yule babu anauliza kasoro ni nini."

"Umepinda," alisema nesi. "Mwambie umepinda."

Fundi Timazi alifumba macho kwa aibu.

Walihama siku ileile, wakaenda kwa dada yake nesi. Walikaa siku mbili. Siku ya tatu, kwenye kizingiti cha chumba alichokuwa akisinzia Chiriku, nesi alikuta mstari mmoja wa mawe, umepangwa vizuri, chokaa bado inatiririka. Akarudi nyumbani na mwanawe. Nyumbani angalau alijua pa kukagua.

Na hayo ndiyo yakawa maisha yake. Kila siku, jua la utosi, ukuta unapanda popote mtoto alipo, na kila siku nesi anasimama mbele yake na kutafuta kasoro. Hapa pana kokoto. Hapa rangi haijakaa. Rudia. Nyumba yenyewe imezidi kupendeza, boriti zimetoka, kuta zinameremeta, ile nyumba aliyoiota maisha yake yote, na yeye anaizunguka akiitukana. Fundi wa watu aliacha kuja. Alisema hawezi kusikia kazi nzuri kiasi kile ikitukanwa. Mume alielezwa kwa simu. Alicheka, akamwambia apumzike.

Alirudi mwezi wa pili wa safari yake, bila kuarifu, saa sita na dakika kadhaa, begi begani. Nesi alisikia lori, akashuka ngazi mbio, lakini alimkuta ameshaingia ukumbini, amesimama mdomo wazi, kichwa nyuma, anazitazama boriti. Juu, mwiko ulikuwa ukikwangua. Chiriku alikuwa juu, kwenye kile chumba, na ukuta wa leo ulikuwa umefika kiunoni.

"Mke wangu," alianza, macho yakimlengalenga kwa furaha, "kumbe ulikuwa sahihi. Nyumba hii..."

Nesi alimrukia, akamziba mdomo kwa kiganja. "Usiseme neno," alinong'ona. "Usiisifu. Nakuomba kwa jina la mwanao, usiisifu."

Juu, mwiko ukanyamaza. Ulikuwa unasubiri kusikia mwenye nyumba wa pili atasemaje.

Mume aliona ni mchezo. Miezi miwili hawajaonana, alifurahi, na kwa ule utani wake wa siku zote akamtekenya mbavuni, na mkono wa nesi ukatoka mdomoni mwake.