Sketi ya Vipande

Kila Jumamosi asubuhi Mirriam alifagia kibanda cha fundi Opiyo katika soko la Jericho kabla wateja hawajaanza kuja. Fundi hakumlipa pesa. Alimruhusu kuokota vipande vya vitambaa vilivyoanguka chini ya cherehani, na Mirriam alikuwa na kazi navyo.

Mwaka huo wa 1975, wasichana wa mtaa walikuwa wamenogewa na mtindo wa mahipi: sketi ndefu za kupepea, blauzi za mikono mipana, shanga shingoni na kitambaa kilichofungwa kwenye paji la uso. Shule ilikuwa ikijiandaa kwa tamasha la kufunga muhula, na wanakwaya, Mirriam akiwa mmoja wao, waliruhusiwa kuvaa walivyotaka. Norah, rafiki yake Mirriam, alinunuliwa mavazi kamili dukani. Mama yake Mirriam, aliyeuza mboga, alimwambia wazi kwamba pesa za nguo mpya hazipo, ila sindano na uzi vipo.

Mirriam hakununa. Aliunganisha vipande vya fundi Opiyo, vya maua kando ya vya mistari, mpaka vikawa sketi. Shati kuukuu la babake likageuka blauzi alipolitia mikono ya pazia lililochakaa. Shanga alizitunga kwa mbegu alizookota kando ya uwanja wa kanisa. Kilichopungua ni pindo tu. Sketi iliishia chini kidogo ya magoti, na mtindo ulitaka ifike kwenye vifundo vya miguu.

Jioni moja, alipokwenda kuanua nguo, aliona shali nyekundu imeanguka kando ya mtaro, nyuma ya kamba za kuanikia. Alitazama huku na huku. Alijiambia kwamba imetupwa, ingawa moyoni alijua hakuna mtu wa kutupa shali nzuri namna ile. Akaikunja, akaenda nayo chumbani. Kabla ya chakula alikuwa amekwisha kuikata vipande viwili na kuishona kwenye sketi.

Kesho yake Habibo, jirani aliyeuza vitambaa sokoni, alipita nyumba hadi nyumba akiulizia shali yake. Shali hiyo alikuwa ameachiwa na marehemu mama yake. Mirriam alimsikia akiongea na mama mlangoni, naye akajifanya anasoma.

Kufikia jioni maneno yalikuwa yamepata mwelekeo mwingine. Aliyeanika shali hiyo ni Nakhumicha, mjane aliyewafulia watu nguo ili awalishe wanawe. Majirani walianza kunong'ona kwamba ni yeye aliyeiuza. Asubuhi iliyofuata Mirriam alimwona akizungushwa mlango kwa mlango. Kila aliyezoea kumpa nguo za kufua alisema leo hana. Nakhumicha aliketi penye mfereji, karai lake tupu limelala kando, akiitazama mikono yake.

Mirriam hakuweza kwenda shuleni. Alirudi ndani, akafumua pindo uzi mmoja mmoja, kisha akamweleza mama yake kila kitu. Mama hakumpiga wala hakumfokea. Alivua aproni yake, akamshika mkono, wakaenda kwa Habibo.

Habibo aliipokea shali, akaviweka vile vipande viwili magotini na kuvipapasa kwa muda mrefu.

"Nisamehe, mama," Mirriam alisema huku akilia. "Nakhumicha hakuichukua. Ni mimi."

"Shali itashonwa, ingawa haitakuwa ile ile," Habibo alijibu hatimaye. "Lakini jina la Nakhumicha nani atalishona? Twende."

Wakapita wote watatu kwenye nyumba zile zile. Katika kila mlango Mirriam alirudia kueleza alichokifanya, na kila mara ilimwia vigumu kusema. Mwisho wakamfikia Nakhumicha. Alimsikiliza Mirriam, akajifuta macho kwa ncha ya leso, akasema tu kwamba amemsamehe. Habibo alikuwa wa kwanza kumletea nguo za kufua, na kabla ya adhuhuri karai lilikuwa limejaa.

Jumamosi ile Mirriam alimwomba fundi Opiyo kazi zaidi. Alipanga uzi kwa rangi zake, akaokota pini sakafuni, na fundi akampa mfuko mtupu wa kitambaa uliokuwa wa unga. Aliutia rangi kwa majani ya chai, akaushona uwe pindo.

Siku ya tamasha sketi yake ilipepea jukwaani, na wenzake wakamzonga wakitaka kujua ameinunua wapi. Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama yake aliinama akalinyoosha lile pindo.

"Unajua kwa nini nguo hii imekupendeza?" aliuliza. "Kwa sababu mtu akigusa kipande chochote na kukuuliza umekitoa wapi, utamtazama usoni ukimjibu. Kukosa si aibu, mwanangu. Omba, au fanya kazi, lakini usichukue cha mtu ukamwacha mwingine alipe kwa jina lake."

Mirriam akaitikia kwa kichwa, akautia mkono wake mkononi mwa mama.