Shati Lenye Kiraka

Ilianza harufu. Beathag, mfuaji wa ngome ya Kilmorag, alifungua chumba cha kufulia asubuhi akakuta kunanuka damu mbichi, na ndoo zote kavu. Halafu akasikia: po! po! po! Gongo linapiga nguo huko ndani, na gongo lake mwenyewe amelishika mkononi.

Akajua. Nani pale asingejua? Mto wao ulikuwa na jini la kike, linafua mashati ya watakaokufa. Lakini kwake ni mtoni. Ndani limefuata nini?

Aliyelileta ni Lodi Ninian, bwana wa ngome. Askari gani yule, jamani! Mwezi huu yuko na Mfalme, mwezi ujao yuko na watu wa Agano wanaompinga Mfalme, kutegemea nani kashinda juzi. Wiki ile aliwaambia maadui arobaini waliojifungia kanisani, "Tokeni, naapa mtaishi." Wakatoka. Akawachinja mtoni, akarudi akala kondoo, akaomba kuongezewa. Maiti wakajaa majini, jini likakosa pa kufulia.

Sasa bwana mwenyewe kajibanza nyuma ya mlango.

"Beathag, mama yangu," akanong'ona, "linafua la nani?"

"Si uingie utazame, bwana? Wewe si jemadari?"

"Usinitanie! Ukilinyang'anya shati kabla halijalikamua, mwenye shati anapona. Si ndivyo?"

"Ndivyo. Ila moja tu, bwana. Halitoi mara mbili."

"Basi chukua langu, lile la lesi shingoni. Na leo vitani mumeo atavaa deraya yangu ya chuma, apande farasi wangu. Wakitafuta wa kuua, wamwone yeye. Nimeshamvalisha."

Murdo wake! Mtunza farasi, mtu wa kulia mbwa akifa!

Beathag aliingia, na kila alipopiga hatua harufu ikazidi kumkaba na gongo likazidi kulia, po, po, mpaka likawa kama linapiga ndani ya kifua chake, akaona mgongo, akaona nywele zinazochuruzika maji, akaona miguu ya bata chini ya sketi, na juu ya jiwe mashati mawili, moja la lesi, jingine la kitani kigumu lenye kiraka kwenye kiwiko, kiraka alichokishona yeye mwenyewe kwa uzi wa buluu.

Jini halikugeuka.

"Chagua, mfuaji mwenzangu," likasema taratibu.

Akanyakua moja.

"Umelipata?" bwana akauliza mlangoni.

"Nimelipata."

"La lesi?"

"La kiraka."

Lodi Ninian akapaza sauti, si kwa Beathag tena, bali kwa jini.

"Bibi! Bibi yangu mwema! Mimi nimebadili upande! Tangu sasa hivi niko na Mfalme, wallahi!"

Jini likaliokota shati la lesi, likalikunja mara mbili, likalikamua. Wekundu ukatiririka sakafuni, ukapita chini ya mlango.

Beathag akamwita bwana. Kule nyuma ya mlango hakuitika mtu.