Maji ya Kikundi

Dobi alifika nyumbani hoi bin taabani. Tangu asubuhi alikuwa akifua mashuka ya hoteli na wenzake saba wa kikundi. Alioga kwa ndoo moja ndogo. Maji yaliyobaki akayapigia deki. Kwake maji hayakumwagwa ovyo, maana ndivyo alivyolelewa na mama yake.

"Kisima kimekauka tena saa sita mchana," alimwambia mumewe. "Mashuka yamebaki na povu. Hoteli wamesema tukichelewa tena, kazi watawapa wengine."

"Mwiteni fundi wa pampu."

"Nimeshamwita. Lakini nimechoka, mume wangu. Nikiikosa kazi hii, nitashika nini?"

Kesho yake fundi alikuja kazini kwao. Alikuwa shemeji yake dobi, mtu wa mizaha. Alikagua pampu, akapima kina cha maji. Kisha aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawatazama wakifua.

Mabomba manne yalikuwa wazi, hata pasipo na shuka chini yake. Dobi mwenyewe alikuwa amesimama, mikono kiunoni, akipiga soga. Bomba lake lilikuwa likimwaga maji tu.

"Shemeji," fundi aliita, "nyumbani unasuuza shuka kwa maji kiasi gani?"

"Mabeseni mawili. Maji ya la pili nafulia matambara."

"Na hapa?"

Dobi aligeuka, akalitazama bomba lake. Mwenzake akadakia, "Hapa ni maji ya kikundi, bwana!"

"Kikundi ndiye nani? Mjomba wenu?"

Wote walicheka, isipokuwa dobi. Aliona aibu.

"Pampu ni nzima," fundi alieleza. "Maji hurudi kisimani polepole. Mkiyatoa kwa fujo, lazima kikauke. Mmebandika tangazo la kutunza maji, sawa. Lakini tangazo halifungi bomba. Mkono ndio unaofunga, na mkono hufuata kile ambacho mtu anakithamini. Makwenu mnayathamini maji. Mkifika kazini, thamani hiyo mnaiacha mlangoni. Mchuma janga hula na wa kwao, jamani. Kazi ikifa hapa, watakaolala njaa ni watoto wenu."

"Basi tufanyeje?"

"Fanyeni kama kwenu."

Siku hiyohiyo walipanga mabeseni makubwa matatu. Maji ya kusuuzia mwisho yaliloweka mashuka yaliyofuata. Haikuwa rahisi. Wengine walinung'unika, wengine walisahau. Dobi hakugombana na mtu. Alikwenda tu, akafunga bomba, akarudi kwenye beseni lake. Baada ya siku chache, wenzake nao wakaanza kufunga bila kuambiwa.

Wiki ya tatu maji yalifika hadi jioni. Gari la hoteli lilikuta mashuka yote yamekunjwa.

"Wiki ijayo tutaleta na mapazia," dereva alisema.

Dobi aliketi chini, akacheka huku machozi yakimtoka. Mgongo ulimuuma na miguu ilikuwa imevimba. Alikuwa amechoka vilevile, lakini kazi alikuwa nayo.